Bomba la jiji, mtambo wako au eksosta: kiwanda kidogo cha Nairobi kipeleke wapi majitaka yake?

Mtu anayefungua kiwanda kidogo Nairobi huwa ameshapata godauni, ameshanunua mashine, pengine hata lebo za chupa zimeshachapwa, ndipo anapouliza: na maji machafu niyapeleke wapi? Majitaka ndiyo hukumbukwa mwisho, mara nyingi siku ambayo afisa wa mazingira anabisha hodi langoni. Nimechota sampuli za majitaka ya viwandani kwa miaka mingi, na ningetamani swali hili liulizwe kabla saruji ya sakafu haijamwagwa. Sakafu ikishakauka, mifereji imeshaamua maji yaelekee wapi.

Njia halali ni tatu. Unaweza kujiunga na bomba la majitaka la jiji. Unaweza kujenga mtambo wako, ukasafisha maji hadi yafae kuingia mtoni. Au unaweza kuyakusanya kwenye tangi na kuita gari la kunyonya majitaka, ambalo wengi wetu hapa tunaliita eksosta. Iko na ile ya kufungulia mfereji usiku mvua inaponyesha, ili Mto Ngong uyabebe. Hiyo siilinganishi na kitu. Mto ule ukitoka Eneo la Viwanda unapita katikati ya Mukuru, ambako watoto hucheza kandokando yake, kisha unaingia Mto Nairobi, unakuwa Athi, unakuwa Galana, unakuwa Sabaki, na kumwaga baharini kaskazini ya Malindi. Ukisimama Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, utaliona povu letu kwa macho yako.

Ofisi nyingi, na sababu yake

Mabomba ya majitaka ya jiji yanaendeshwa na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, mali ya serikali ya kaunti. Mabomba makuu na mitambo mikubwa hujengwa na Athi Water Works Development Agency, shirika ambalo eneo lake linavuka mpaka wa jiji hadi Kiambu na Murang'a, na majitaka nayo hufuata mteremko wa mabonde wala hayajui kaunti. WASREB, bodi ya udhibiti wa huduma za maji, husimamia bei na utendaji wa kampuni za maji. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hutoa leseni ya kumwaga majitaka katika mazingira, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ina kibali chake kwa sababu mto ni dhamana yake.

Wenye viwanda hulalamika kwamba milango ni mingi. Nawaelewa. Lakini mpangilio huu una fundo moja ambalo ukilishika, mengine yote yanafunguka: kampuni ya majitaka nayo ni mwombaji wa leseni. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kifungu cha 75, inamzuia mwendeshaji wa mabomba ya jiji kumwaga majitaka bila leseni, sawasawa na inavyomzuia mwenye kiwanda. Kwa hiyo kampuni ikikukatalia kuingiza rangi au tindikali kwenye bomba lake, inajilinda. Uchafu ambao mabwawa yake hayawezi kuumaliza utatokea upande wa pili ukiwa na jina lake.

Kifungu cha 74 cha sheria hiyo hiyo kinaanza kukujibia swali lako. Kinamtaka mwenye kiwanda apeleke majitaka yake kwenye mfumo wa mabomba uliopo, akiwa na leseni ya mwendeshaji wake. Yaani sheria yenyewe imeegemea bomba. Kulipita bomba lililo mlangoni pako ukaenda mtoni ni jambo utakalotakiwa kulieleza vizuri sana.

Tarakimu zinazoamua

Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka viwango viwili tofauti, kimoja cha maji yanayoingia kwenye bomba la umma na kingine cha maji yanayoachiwa katika mazingira. Kanuni hubadilishwa, kwa hiyo omba nakala inayotumika sasa kabla ya kununua kifaa chochote. Lakini tofauti kati ya safu hizi mbili ndiyo ninayotaka uitazame. Vipimo vyote isipokuwa pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni miligramu kwa lita.

| Kipimo | Kuingia bombani | Kuingia mtoni |
|---|---|---|
| BOD | 500 | 30 |
| COD | 1,000 | 50 |
| Chembe ngumu zilizomo majini | 250 | 30 |
| pH | 6 hadi 9 | 6.5 hadi 8.5 |
| Mafuta na grisi | 10, au 5 ikiwa bomba linaishia kwenye mabwawa | yasiwepo |

BOD ni kiasi cha oksijeni ambayo bakteria wataitumia kwa siku tano wakila uchafu ulio majini. COD ni oksijeni inayohitajika kuuteketeza uchafu huo kwa kemikali, na majibu yake hupatikana kwa saa chache, ndiyo maana maabara huipenda.

Ili usione ni herufi tupu, fikiria maziwa. Lita moja ya maziwa ina BOD ya takriban miligramu 100,000. Maji safi ya mto yana oksijeni ya miligramu nane hivi kwa lita. Gawanya mwenyewe: lita moja ya maziwa ikimwagika mtoni inaweza kumaliza oksijeni ya zaidi ya lita 12,000 za maji. Mwenye kiwanda huniambia, "Lakini ni maziwa tu, hata paka anakunywa." Ndiyo, paka anakunywa. Samaki anakosa hewa.

Sasa chukua kiwanda cha maziwa lala na yogati kinachotoa lita 20,000 za majitaka kwa siku, yenye COD ya 3,000, kiasi ambacho si cha ajabu kwa kazi ya maziwa. Ili yaingie bombani, inakubidi uondoe theluthi mbili ya uchafu. Ili yaingie mtoni, inakubidi uondoe zaidi ya asilimia 98. Theluthi mbili unaweza kuitafuta kwa chemba ya kunasa mafuta, tangi la kusawazisha, hatua moja ya bakteria wasiohitaji hewa, na nidhamu kubwa ya kutomwaga maziwa yaliyoharibika kwenye mfereji. Asilimia 98 inataka mtambo kamili, umeme wa kupuliza hewa mchana na usiku, na mtu anayeujua.

Bomba la jiji

Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi huteremka kuelekea mashariki hadi Ruai, kwenye mabwawa yanayojulikana rasmi kwa jina la Dandora. Uwezo wake hutajwa kuwa mita za ujazo 160,000 kwa siku. Kariobangi kuna mtambo mwingine, mdogo zaidi.

Mabwawa ya Ruai yanafaa kuelezwa taratibu, kwa sababu mteja wa bomba asipoyaelewa hataelewa masharti yake. Kinachosafisha pale hasa si mashine. Majitaka hupita bwawa hadi bwawa. Ya kwanza yana kina kirefu, hayana hewa, na bakteria wake huanza kumeng'enya uchafu mzito huku tope likizama chini. Yanayofuata ni ya kijani, yamejaa mwani unaotengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, na bakteria wengine huitumia. Ya mwisho yana kina kifupi ili jua liue vijidudu vya magonjwa. Wafanyakazi wa mfumo ule ni viumbe hai, tena hawaonekani kwa macho.

Ndiyo maana mafuta hubanwa zaidi bomba linapoishia kwenye mabwawa: utandu wa mafuta ukitanda juu ya maji huzuia mwanga na hewa, na mwani unalala njaa. Ndiyo maana pia metali nzito kama kromiamu ya kusindika ngozi au risasi ya betri haziwezi kuachiwa bomba. Bakteria hula sukari, protini na mafuta, metali hazili. Zinaweza kuwadhuru, halafu zikatua kwenye tope zikangoja. Na si majitaka yote hufika Ruai. Kumekuwa na wakulima, Maili Saba wakiwemo, wanaoziba bomba ili majitaka yafurike mashambani mwao, kwa sababu ni maji ya bure na yana mbolea. Sitawahukumu watu wanaolima ili wale. Nasema tu kwamba kile ulichokiweka bombani Jumatatu kinaweza kurudi sokoni kikiwa kwenye shada la sukuma wiki.

Kuhusu kujiunga: Sheria ya Maji ya 2016 inasema huwezi kuingiza majitaka ya kiwanda kwenye bomba bila ridhaa ya kampuni. Kuwa na choo kilichounganishwa hakukupi ruhusa hiyo, na hapa ndipo wapangaji wengi wa godauni huteleza. Mwenye jengo anawaambia "sewa iko," nao wanaelewa kwamba mambo yameisha. Sewa iko kwa ajili ya choo na sinki. Majitaka ya kazi yana ombi lake.

Faida kubwa ya bomba ni kwamba unagawana mzigo. Kampuni inamalizia kazi ambayo wewe peke yako ingekugharimu mtambo. Hasara yake ni kwamba wewe ni mgeni katika nyumba ya watu wengi: wanaweza kuja kuchota sampuli, wakakutoza, au wakakufungia. Na jirani mmoja mzembe anaweza kuziba bomba lenu nyote.

Niliwahi kufungua chemba ya mwisho ya karakana moja ya maziwa. Mfuniko ulikataa, ulikuwa umeshikwa na mafuta yaliyoganda. Tulipoung'oa kwa mtaimbo tulikuta tabaka la rangi ya malai, unene wake kama upana wa kiganja, gumu kiasi kwamba chupa ya sampuli niliyoishusha kwa kamba iligota juu yake ikasimama. Maji yalikuwa yanapita chini yake, kwenye mwanya wa vidole viwili. Mzee aliyekuwa akisafisha sakafu alinieleza kwa upole kwamba kila Ijumaa humwaga maji ya moto ili mafuta yashuke. Yalishuka kweli. Bomba la chini ya ardhi ni baridi, kwa hiyo yaliganda tena mbele zaidi, nyuma ya nyumba za watu wasiojua chochote kuhusu yogati, na ni wao waliorudishiwa majitaka uani.

Dawa ya hali ile ilikuwa chemba ya kunasa mafuta, ndogo kuliko meza ya ofisi, inayokokotwa kila siku kwa kijiko cha mpini mrefu. Kukokota ndiyo kazi yenyewe. Chemba isiyokokotwa ni shimo la mapambo.

Mtambo wako mwenyewe

Naujua mvuto wake. Hutegemei mtu, maji yaliyosafishwa unaweza kuyatumia kuosha uwanja au kumwagilia nyasi, na mgeni akija unamwonyesha. Kwa kiwanda kikubwa, au kilicho mbali na bomba, ndiyo njia. Kwa kiwanda kidogo chenye bomba barabarani, siipendekezi, na sababu si bei ya kuujenga.

Sababu ni kwamba mtambo wa majitaka ni mfugo. Bakteria wake wanataka chakula kila siku, kwa kiasi kinacholingana, na hewa isiyokatika. Kiwanda kidogo hufanya kazi siku sita, hufunga Krismasi, hupata maziwa mengi msimu wa mvua na machache wakati wa kiangazi. Umeme ukipotea usiku kucha, asubuhi tope limeoza na harufu imefika kwa jirani. Fundi akihama, anayebaki hajui kwa nini povu limekuwa la kahawia. Nimeona mitambo mizuri yenye mashine za ng'ambo imesimama kimya, majani yameota pembeni, na maji yanapita kando yake kwenye bomba la plastiki lililowekwa "kwa muda".

Halafu kuna karatasi. Ukimwaga mtoni unahitaji leseni ya NEMA na kibali cha WRA, na vipimo vya maabara iliyoidhinishwa, ambavyo chini ya kanuni za 2006 vilitakiwa kuwasilishwa kila robo ya mwaka. BOD ya 30 haipatikani kwa siku nzuri tu. Na hata ukifaulu, mtambo unazalisha tope, na tope hilo linahitaji gari la kulichukua. Kwa hiyo anayejenga mtambo ili aachane na eksosta hugundua kwamba bado wako pamoja.

Yupo mtu mmoja ambaye ningemshauri aukwepe mtambo wa peke yake hata kama hana bomba: msindika ngozi. Kromiamu na chumvi za ngozi si za kuchezea kwenye ua wa nyuma. Wazo la kuwaweka wasindika ngozi mahali pamoja penye mtambo mmoja wa pamoja, kama lilivyopangwa Kinanie katika Kaunti ya Machakos, ni zuri kuliko kila mmoja kuhangaika na pipa lake.

Eksosta

Hapa hesabu inatosha. Lita 20,000 kwa siku ni magari mawili ya lita 10,000. Siku sita kwa wiki, ni safari 12; kwa mwaka zinapita 600. Uliza bei ya safari moja mtaani kwako, uzidishe, kisha ulinganishe na gharama ya chemba na tangi.

Kwa kiwanda kinachotoa lita mia chache kwa siku, kama mtengenezaji wa sabuni ya maji au karakana ya kuchapisha fulana, eksosta inaweza kuwa jawabu la busara kabisa. Angalia mambo mawili. Gari liwe na leseni ya kubeba taka, na upewe stakabadhi inayoonyesha mzigo umeshushwa mahali palipoidhinishwa. Gari lenye bei ya chini ajabu linamwaga mahali, na mahali hapo si Ruai. Pia eleza ukweli kuhusu kilichomo tangini. Dereva na utingo wake hushika mpira ule kwa mikono.

Mabaki ya rangi, mafuta machafu ya gari, viyeyusho na asidi za betri si mzigo wa eksosta, wala wa bomba, wala wa mtambo wa bakteria. Hizo ni taka hatari, zina wachukuzi wake, nazo hutenganishwa kwenye madumu tangu zinapozaliwa. Zikishachanganyika na maji ya kuoshea mikono, umegeuza dumu moja la taka hatari kuwa tangi zima.

Nani achague nini

Kama bomba linapita karibu, na uchafu wako ni wa chakula, yaani maziwa, juisi, mkate, nyama, chagua bomba, na fedha ambazo ungenunulia mtambo zitumie kwenye kusafisha awali. Kama bomba halipo na maji ni machache, eksosta, huku ukipunguza maji: fagia kabla ya kuosha, weka bunduki ya maji kwenye mpira, kusanya damu au maziwa yaliyomwagika yakiwa bado ni mazito. Kama bomba halipo na maji ni mengi, fikiria upya hilo godauni kabla ya kufikiria mtambo. Kuhama kabla ya kuanza ni rahisi kuliko unavyodhani. Na kama kazi yako ni ya metali au ngozi, swali la bomba au mto si lako bado. Kwanza tenganisha metali hizo na maji mengine.

Kuongeza maji safi ili tarakimu zishuke hakukuokoi. Uchafu ni ule ule kwa uzito, bili ya maji imepanda, na anayekagua hutazama pia wingi.

Kabla ya yote hayo, pima. Usichote chupa moja saa nne asubuhi ukaita hiyo sampuli. Chota kila saa tangu zamu inaanza hadi inakwisha, changanya kwa uwiano wa maji yaliyopita, ndipo upeleke maabara. Na beba karatasi za pH mfukoni. Katika kiwanda cha maziwa utaiona karatasi ikigeuka zambarau wakati mabomba yanaoshwa kwa kostiki soda, kisha nusu saa baadaye ikageuka nyekundu asidi inapopitishwa. Kila moja peke yake ingevunja kiwango cha pH. Yakikutana kwenye tangi la kusawazisha yanapunguzana makali, na unaweza kukuta umemaliza nusu ya tatizo bila kununua kemikali.

Majibu ya maabara yakitoka, peleka ombi. Sheria inataka uandike mambo matatu hasa: majitaka yako yana nini, kiasi kikubwa kabisa utakachomwaga kwa siku moja, na kasi kubwa kabisa ya kumwaga. Andika ya siku ya kuosha matangi yote, si wastani wa wiki. Wengi huandika wastani kwa sababu unapendeza, halafu siku ya kuosha inapofika wanakuwa wamevunja masharti waliyoyatia saini wenyewe.